Mafuta ya cheni ya pikipiki: kwanza uliza kama yanaruka

Nilimpakia mdogo wangu tukienda kipaimara cha mtoto wa dada yetu. Alikaa upande, miguu ikielekea kwenye cheni. Tulipofika Buguruni, pindo la gauni lake la krimu lilikuwa limetapakaa madoa meusi. Cheni niliipulizia jana yake jioni, kwa kopo jipya la Kariakoo. Gauni lile halikutakata tena.

Wengi tunauliza bei, tunauliza kama yanazuia kutu, basi. Siku hizi nauliza kama yanabaki kwenye cheni au yanaruka. Yakiruka, pini na bushi, yaani vyuma vidogo vinavyounganisha pingili za cheni, zinabaki kavu, na huko ndani ndiko cheni inakolika na kurefuka, hata kama nje inang'aa.

Namba moja kwangu ni Motul C2, mafuta ya cheni ya kupulizia, wala silipwi kuisifu. Inatoka nyepesi, inapenya, kisha inakauka na kuacha utando unaoshika. Pulizia jioni cheni ikiwa bado ya moto, upande wa ndani, ukizungusha tairi kwa mkono, injini imezimwa. Futa yaliyozidi, uiache hadi asubuhi. Mnaopita mchangani kila siku, watu wa Kigamboni hasa, chukueni C3, imetengenezwa isishike mchanga. Mafuta ya kunata yakikutana na mchanga ni msasa mtupu.

Namba mbili ni gia oili ya SAE 90 (namba ya uzito wa oili). Honda huitaja SAE 80 au 90 kwenye vitabu vya pikipiki zake nyingi. Inapenya vizuri sana ila inaruka, kwa hiyo paka kidogo kwa brashi na ufute mara mbili. Ukiwa na abiria, mara tatu.

Grisi inakaa nje tu na kukamata vumbi. Oili chafu ina chembe za chuma za injini, achana nayo.

Kinachoniuma ni wauzaji. Maduka mawili yanatazamana, kopo ni lilelile, tofauti shilingi 7,000! Ukiomba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, mtandao unasumbua ghafla. Nilipomrudishia muuzaji kopo langu akasema, "Dada, likishafunguliwa halirudi." Sasa bila kulifungua ningejuaje? Nikaligeuza mbele yake: halina namba ya toleo, halina jina la kiwanda. Akalitazama, kisha akaendelea kupanga mengine kama hilo pale mlangoni.