Kabla ya Kumnunulia Mtoto Riwaya za Miungu ya Wagiriki, Tafuta Namba

Desemba iliyopita nilimnunulia binti yangu wa miaka 11 riwaya ya Rick Riordan iitwayo The Titan's Curse kwa shilingi 38,000, baada ya muuzaji kunihakikishia kwamba, "Hivi vitabu, mama, kila kimoja kina hadithi yake." Siku ya pili binti alikuwa amekwisha kukiweka kando. Hakuelewa Thalia ni nani, wala kwa nini wenzake wanamtazama kama mtu aliyetoka kaburini, kwa sababu habari ya msichana huyo kugeuzwa mti wa msonobari na baba yake Zeus, kisha kurudishiwa umbo lake kwa nguvu ya Ngozi ya Dhahabu, imo katika vitabu viwili vya mwanzo. Nilipoibandua stika ya bei iliyokuwa juu ya jalada, nilikuta maandishi chini yake: kitabu cha tatu.

Sitazungumzia umri unaofaa, wingi wa kurasa wala mafunzo, kwa kuwa hayo huelezwa nyuma ya jalada na kila muuzaji ameyakariri. Nataka kuzungumzia namba ya kitabu katika mfululizo wake, jambo ambalo wanunuzi wengi hatuliangalii na ambalo wauzaji wengi, kwa makusudi au kwa uzembe, hulifunika. Hadithi za kale za Wagiriki zenyewe zinaweza kusomwa popote unapotaka kuanzia, lakini riwaya za siku hizi zilizojengwa juu yake huwa zimefungwa pamoja kwa fumbo moja. Katika vitabu vya Riordan fumbo hilo ni utabiri kuhusu mtoto wa mmoja wa miungu watatu wakubwa, Zeus, Poseidon au Hades, atakayefikisha miaka 16 na kuamua hatima ya Olympus, makao ya miungu. Utabiri huo hudokezwa kidogo kidogo, na maneno yake yote hayasomwi hadi kitabu cha tano. Mtoto anayeanzia katikati amenyang'anywa utamu wake wote.

Ikiwa namba haionekani, fungua ukurasa wa haki za uchapishaji na utafute mwaka ambao kitabu kilitoka mara ya kwanza, si mwaka ambao nakala hiyo ilipigwa chapa, maana miaka hiyo miwili huweza kupishana sana. Mfululizo wa kwanza wa Riordan, unaomhusu Percy Jackson, mvulana aliye nusu mungu, ni mwepesi kukumbuka kwa njia hii: The Lightning Thief ni wa 2005, The Sea of Monsters 2006, The Titan's Curse 2007, The Battle of the Labyrinth 2008, na The Last Olympian 2009.

Kati ya mifululizo ninayoipendekeza, huo ndio ninaouweka wa kwanza, na sifichi upendeleo wangu. Riordan alikuwa mwalimu, na hadithi hii ilianza akimsimulia mwanawe aliyekuwa na disleksia, yaani ugumu wa kusoma maandishi, pamoja na tatizo la kutotulia. Ndiyo maana Percy naye ana hali hizo mbili, isipokuwa kwake herufi hucheza kwa sababu ubongo wake umeumbwa kusoma Kigiriki cha kale, na kutotulia kwake ni wepesi wa mpiganaji. Ninamfahamu mtoto aliyekuwa akikimbia kusoma kwa sauti darasani ambaye maelezo hayo yalimfanya anyooshe mgongo. Nunua seti nzima ya vitano ndani ya boksi ukiweza, kwani boksi halidanganyi. Usipoweza, nunua cha kwanza peke yake, hata kama muuzaji anakupunguzia bei ya cha nne.

Jihadhari pia na namba 1 isiyo ya mwanzo. The Lost Hero, cha mwaka 2010, ni kitabu cha kwanza, lakini cha mfululizo wa pili wa mwandishi huyo huyo. Kinaanza na kijana aitwaye Jason anayezinduka ndani ya basi bila kumbukumbu yoyote, na Percy mwenyewe hajulikani alipo. Msomaji asiyemjua Percy hawezi kuuona uzito wa kupotea kwake.

Nafasi ya pili naipa Olympians ya George O'Connor, ingawa hivi ni vitabu vya katuni na si riwaya kamili. Viko 12, vilivyotoka kati ya 2010 na 2022, kuanzia Zeus hadi Dionysos, na kila kimoja kinamhusu mungu wake, kwa hiyo ukikosea mpangilio hakuna kilio. Michoro yake ni mizuri mno. Shida ni kwamba mtoto hukimaliza kimoja jioni moja, na wewe ulikinunua kwa bei ya riwaya.

Cha tatu ni mfululizo wa Maz Evans wa Uingereza unaoanza na Who Let the Gods Out?, wa 2017. Elliot, mvulana anayemtunza mama yake mgonjwa, anamwachilia huru kwa bahati mbaya Thanatos, pepo wa kifo, na inabidi miungu waliostaafu waitwe kazini. Unachekesha na unaliza. Viko vinne, lakini majina yake ni ya mizaha ya maneno tu, hayakuambii kipi kinatangulia kipi.

Kwa mfuko mdogo kuna Heroes in Training, vitabu vyembamba vya watoto wadogo zaidi, na kuna vya mitumba. Kagua kurasa za mwisho kama zipo.

Lililobaki ni bei. Tangu tamthilia ya Percy Jackson ianze kuonyeshwa kwenye Disney+, huduma ya filamu mtandaoni, Desemba 2023, nimeona nakala zenye picha za waigizaji zikiuzwa ghali kuliko zile za jalada la zamani, ilhali ndani ni maneno yale yale. Nilimuuliza muuzaji wangu tofauti ni nini, akanijibu kwamba hizi ni mpya. Nikamwomba kile cha kwanza, cha jalada lolote. Akaingia stoo, akatoka na kitabu chenye stika ya bei upande ule ule wa jalada, nami nikaibandua hapo hapo kaunta mbele yake. Kilikuwa cha nne.