Dikroskopu ya kalsaiti: chombo ambacho broka wa tanzanaiti hapaswi kukikosa

Ukishakuwa na lenzi ya mara kumi na tochi nzuri, pesa inayofuata itie kwenye dikroskopu, chombo cha kuchungulia rangi tofauti zilizomo ndani ya jiwe. Yangu ni ya kalsaiti, madini angavu, bomba dogo la chuma linaloingia mfuko wa shati. Nililipia laki tatu na naona nimeipata kwa bei nzuri.

Ndani yake mna kipande cha kalsaiti kinachoigawa nuru mara mbili. Ukichungulia unaona vidirisha viwili vimekaa ubavu kwa ubavu. Shika tanzanaiti iliyochomwa (iliyotiwa moto kubadili rangi) mbele ya tundu, mulika kwa nyuma, izungushe taratibu: kidirisha kimoja kinakuja bluu, kingine zambarau. Kioo cha bluu hata ukizungushe mpaka jioni, vidirisha vyote vinabaki rangi moja. Spineli, jiwe jingine la vito, nayo vivyo hivyo. Aiolaiti, jiwe la bluu-zambarau linalofanana na tanzanaiti, inayowasumbua wengi kwa macho matupu, inaumbuka hapohapo: upande mmoja zambarau, upande wa pili manjano iliyopauka.

Lakini utamu wenyewe uko kwenye jiwe bichi. Tanzanaiti ni aina ya madini ya zoisaiti iliyopata rangi kutokana na vanadi, aina ya metali, na fuwele yake hunyonya nuru tofauti kwa kila upande nuru inakopitia. Jiwe la kahawia lisiloona moto lina rangi tatu ndani yake: bluu, zambarau, na kahawia yenye wekundu. Chombo huonyesha mbili kwa mara moja, kwa hiyo ligeuze upate ya tatu. Likichomwa kwenye nyuzi 500 hadi 600 hivi za Selsiasi, ile kahawia huondoka. Mimi hapa ndipo ninapoiona thamani kubwa ya dikroskopu, maana mkataji anajua bluu imelala upande gani kabla jiwe halijagusa gurudumu. Mara nyingi kufuata bluu kunakula uzito, na hayo ni mazungumzo ya kufanya na mwenye mzigo mapema, si baada ya kukata.

Kasoro zipo. Haina kifuniko, na vumbi jeusi la grafaiti la Mirerani linaingia kwenye tundu kila siku. Tembea na kitambaa laini. Vijiwe vidogo sana vinachosha jicho. Taa lazima iwe nyeupe, tochi ya manjano inadanganya. Tena dikroskopu isiwe ndiyo hakimu pekee: forsteraiti ya maabara, jiwe la kutengenezwa linaloigiza tanzanaiti, nayo hutoa rangi mbili. Hiyo ikamate kwa lenzi, utazame kingo za nyuma kupitia uso wa jiwe. Zake zinaonekana mbilimbili waziwazi, za tanzanaiti hazifiki hapo.

Zipo dikroskopu za bei nafuu zinazotumia vichujio vya plastiki badala ya kalsaiti. Zinafanya kazi, ila kwenye jiwe lililokolea nazikuta na giza.

Ukienda kununua, beba jiwe lako unalolijua. Vidirisha vikipandana au vikiwa na ukungu, mrudishie muuzaji akupe nyingine.