Black Panther: Mtoto wa Baba Mdogo Amerudi Kudai Chake

Neno moja likitafsiriwa ovyo, filamu ya Black Panther inapoteza nusu ya uzito wake. Neno lenyewe ni "binamu". Mtafsiri wa banda la video akishamwita Killmonger, adui wa filamu, binamu yake T'Challa, mfalme wa nchi ya kubuniwa ya Wakanda, mtazamaji wa Mtwara au Lindi anastarehe. Binamu ni mtoto wa mjomba au wa shangazi, mtu wa kutaniana naye. Lakini N'Jobu, baba yake Killmonger, ni mdogo wake mfalme T'Chaka, baba yake T'Challa. Killmonger basi ni mtoto wa baba mdogo, na huyo kwetu haitwi binamu, anaitwa ndugu. Wanaochinjana pale kwenye maporomoko ya maji wakigombea ufalme ni mtu na kaka yake.

Ndivyo ilivyo kwa malkia Ramonda, mama yake T'Challa, pia. Killmonger anaingizwa barazani na pingu mikononi, anataja jina la baba yake, kisha anamsalimia malkia kwa kebehi kama mtu wa ukoo. Mtafsiri mwenye haraka atasema "shangazi". Shangazi ni dada wa baba. Ramonda ni mke wa baba mkubwa, kwa hiyo ni mama mkubwa. Weka pale "Shikamoo, mama mkubwa" kwa sauti ile ile ya dharau, usikie banda litakavyonyamaza.

Filamu ni ya mwaka 2018, imeongozwa na Ryan Coogler, na ina dakika 134. Inafunguka kwa sauti ya mtoto anayemwita "Baba" na kuomba ahadithiwe habari za nyumbani. Wengi hudhani mtoto huyo ni T'Challa. Siye. Ni Erik, ambaye ukubwani ataitwa Killmonger, na anayemhadithia ni N'Jobu. Kwa hiyo sifa zote za Wakanda tunazozisikia mwanzoni zinatoka kinywani mwa mtu anayeishi ugenini, akimsimulia mwanawe nyumbani ambako mtoto hajawahi kukanyaga.

Kisa kinaanzia Oakland, Marekani, mwaka 1992. N'Jobu ametumwa huko kama mpelelezi, ameona watu weusi wanavyoishi, na amemsaidia Ulysses Klaue, mfanyabiashara wa silaha, kuiba vibranium, madini ya ajabu ya Wakanda, ili silaha ziwafikie. T'Chaka anamfuata, siri inafichuka kwamba rafiki wa N'Jobu ni Zuri aliyetumwa kumchunguza, bastola inachomolewa, na kaka anamuua mdogo wake. Kisha anapanda chombo chake na kuondoka. Mtoto anabaki chini uwanjani akitazama taa zinavyopotea mawinguni.

Hapo ndipo filamu inapowashika watazamaji wa huku kuliko pengine inavyowashika wa Marekani. Kuua ni kosa, lakini kosa kubwa zaidi la T'Chaka ni kuondoka bila mtoto. Msiba wowote wa Mikindani au Nachingwea, arobaini haijafika wazee wameshakaa kuamua watoto wa marehemu watakwenda kwa nani, na baba mkubwa ni kati ya wa kwanza kutazamwa. T'Chaka ni baba mkubwa, tena mfalme, tena mwenye nchi tajiri kuliko zote duniani. Hakuchukua mtoto. Wachezaji wanaomwigiza, mmoja ujanani na mmoja uzeeni, ni Atandwa Kani na baba yake mzazi John Kani, ndiyo maana sura na sauti zinakubaliana hata ukitazama kwa makini.

Tukio la kulitazama mara mbili ni lile la Killmonger kukutana na baba yake. T'Challa alipokunywa maji ya ua la moyo, lile linalompa mfalme nguvu za Black Panther, na kufukiwa kwenye mchanga mwekundu, aliamkia kwenye mbuga yenye anga la zambarau, chui weusi wamejaa juu ya mti, na mmoja wao akashuka na kugeuka T'Chaka. Mizimu ya ukoo mzima ipo. Killmonger anafukiwa vilevile, kwa mchanga uleule, lakini anaamkia kwenye chumba cha ghorofani cha Oakland. Anga la zambarau liko nje ya dirisha tu. Anachokonoa ukutani, anatoa daftari na pete, na baba yake anamkuta. Hakuna chui, hakuna babu wala bibi. Mtoto wa kifalme ana mzimu mmoja tu, tena chumbani. N'Jobu anamuuliza mbona hana machozi kwa ajili yake, na mtoto anajibu kwa uso mkavu kwamba watu hufa, ndiyo maisha ya pale. Kamera ikirudi, aliyekaa mahali pa mtoto ni mtu mzima, na machozi yanamtiririka. Sterling K. Brown, anayeigiza N'Jobu, ana dakika chache sana kwenye filamu hii, na bado yeye na Michael B. Jordan, anayeigiza Killmonger, ndio wanaoibeba.

Sasa, swali ambalo mzee wa Newala au Ruangwa atauliza kabla filamu haijafika katikati: mjomba yuko wapi? Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua kwa asili ni watu wa ukoo wa mama. Cheo na mali kwa desturi hiyo vilimwendea mpwa, mtoto wa dada. Ukiipima Wakanda kwa kipimo hicho, T'Challa na Killmonger wote wawili hawana dai, maana wote wanadai kwa upande wa baba. Mwenye kubeba ukoo angekuwa dada wa T'Chaka, ambaye filamu haimwonyeshi, na cheo kingewaendea watoto wake. Si kasoro ya filamu, Wakanda ina mila yake. Lakini inaeleza kwa nini upande wa mama wa Killmonger unakosekana kabisa. Mama yake hatajwi jina. Kwa mtu wa kusini hilo ni shimo kubwa: kijana asiye na wajomba hana wa kumwambia atulie.

Nyumba ya pili inayovunjika inapita haraka mno. W'Kabi ni mpenzi wa Okoye, kamanda wa walinzi wa mfalme, na ni rafiki wa T'Challa, na Klaue aliwaua wazazi wake W'Kabi. T'Challa anamkosa Klaue kule Korea Kusini, Killmonger anamleta akiwa maiti. Basi W'Kabi anahama upande. Sababu inatosha, ila imepewa sentensi mbili tatu tu, kwa hiyo vita vya mwishoni kati yake na Okoye vinakuja kama vya watu tusiowajua vizuri.

Kuhusu mnyororo wa filamu za kampuni ya Marvel, ambao hii ni sehemu yake: usikubali kuambiwa ni lazima uanze na filamu kumi na kitu. Ya kutazama kwanza ni moja, Captain America: Civil War ya 2016. Humo ndimo T'Chaka anapouawa kwa bomu mjini Vienna, T'Challa anamfukuza Bucky, rafiki wa Captain America, akidhani ndiye muuaji, na mwishoni anagundua kwamba bomu lilipangwa na mtu mwingine, Zemo, na T'Challa anakataa kumuua. Black Panther inaendelea siku chache baadaye. Kwenye Avengers: Age of Ultron ya 2015 kuna Klaue akikatwa mkono na roboti Ultron, hivyo utaelewa kwa nini kwenye hii ana mkono wa chuma unaorusha mawimbi. Bila hiyo hupotei.

Ndani ya hadithi yenyewe hakuna shujaa mgeni anayeingia kuokoa mambo, na hiyo ndiyo nguvu yake. Uhusiano na filamu nyingine umewekwa baada ya majina: kipande cha kwanza T'Challa anahutubia Umoja wa Mataifa, kipande cha mwisho kabisa Bucky anaamka kwenye kibanda Wakanda, watoto wamemzunguka na Shuri, dada mdogo wa T'Challa, anamngoja nje. Nakala nyingi za kwenye flashi zimekatwa hapo ili kupunguza ukubwa. Matokeo yake ni kwamba kwenye Avengers: Infinity War, iliyotoka miezi michache baadaye, mtu anauliza Bucky kafikaje Wakanda. Kabla ya kulipia, angalia urefu: ikisomeka pungufu ya saa 2 na dakika 10, kuna kilichokatwa.

Kagua na maandishi ya chini. Watu wa Wakanda hapa na pale huzungumza Kixhosa, lugha yake John Kani, na mafaili mengi hayana tafsiri ya sehemu hizo. Faili la maandishi, lile linaloishia na srt, lazima liitwe jina sawasawa na la filamu na likae folda moja nayo, la sivyo televisheni hailioni. Faili la filamu likizidi GB 4, flashi iliyofomatiwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani, italikataa. Ukiibadilisha kuwa exFAT itapokea, lakini televisheni za zamani haziisomi, kwa hiyo ni salama zaidi kuchukua nakala ndogo. Sauti nayo ina mtego wake. Kwenye sauti ya njia sita, mazungumzo yamewekwa kwenye spika ya katikati, na redio ya spika mbili isipochanganya vizuri, ngoma zinanguruma huku watu wakinong'ona. Chagua "stereo" kwenye kichezeshi. Muziki wa Ludwig Göransson, ulioshinda Oscar, haustahili kuzimwa kwa sababu ya mpangilio mbaya.

Na usiitazame mchana kwenye banda la bati lenye matundu. Tukio la Okoye na T'Challa kuwakomboa mateka msituni Nigeria ni usiku mtupu, na picha hafifu inalifuta kabisa.

Pambano la mwisho ndilo dhaifu. Killmonger na T'Challa wanapigana mgodini wakiwa wamevaa mavazi meusi yanayofanana, mmoja ana urembo wa dhahabu na mwingine wa fedha, na miili ya kompyuta inaruka bila uzito. Kanuni iko wazi, treni ikipita vibranium inazimika na nyuso zinaonekana, lakini kwenye skrini ndogo hutajua nani kampiga nani. Filamu inarudi kuwa nzuri wanapotoka nje jua likizama. Killmonger anakataa kutibiwa, anachagua kwenda na wale waliojitupa baharini kutoka kwenye meli za utumwa. Aliyewahi kusimama ufukweni Kilwa Kivinje, ilikoishia njia ya misafara kutoka Ziwa Nyasa, hahitaji kuelezwa maneno hayo yanagusa wapi.

Kabla ya kufa huko alishaagiza bustani ya maua ya moyo ichomwe. Shika moto huo, maana ndio unaoiunganisha na Black Panther: Wakanda Forever ya 2022. Chadwick Boseman, aliyeigiza T'Challa, alifariki Agosti 2020, na filamu ya pili inaanza T'Challa akiugua, Shuri akihangaika maabara kutengeneza ua ambalo Killmonger, ndugu yake mwenyewe, aliliteketeza. Ina dakika 161, na watu wa Namor, mfalme wa taifa lililo chini ya bahari, wanazungumza lugha ya Kimaya, kwa hiyo bila maandishi ya chini utakaa gizani kwenye sehemu hizo. Baada ya majina kuna kipande kimoja tu, cha Nakia, mpenzi wa T'Challa, na mtoto huko Haiti. Kikiisha hicho hakuna kingine, zima jenereta.