Chrony kwenye seva ya duka, Kigoma: nyota nne kati ya tano

Natunza kompyuta za duka la jumla la dawa hapa Mwanga. Seva ya Linux iko stoo, kaunta zinatumia Windows. Umeme ukikatika na kurudi, kila mashine inaamka na saa yake, na ile iliyokufa betri ya ndani inarudi miaka mingi nyuma. Basi kwenye rekodi dawa inaonekana imeuzwa kabla haijapokelewa, na mhasibu ananitazama mimi kana kwamba ndiye niliyeibeba.

Chrony ni programu ya bure. Inaweka sawa saa ya kompyuta kwa kuuliza seva nyingine, kwa utaratibu wa NTP alioubuni David Mills wa Chuo Kikuu cha Delaware miaka ya 1980. Kabla yake nilikuwa na ntpd, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo. Si mbaya, ila imezoea mtandao usiokatika, na ikikuta saa imepishana kwa zaidi ya sekunde 1000 inajizima, labda uiambie mapema isifanye hivyo.

Chrony inaendana na maisha yetu ya bando. Mtandao ukiwepo, inapima saa ya mashine inakimbia au inachelewa kwa kiasi gani, inakiandika kwenye faili. Mtandao ukikata, inaendelea kusahihisha kwa hesabu hiyo. Usidharau: saa inayokosea sehemu 20 kwa milioni inapotea karibu sekunde 1.7 kwa siku, yaani kama dakika nzima kwa mwezi. Kosa dogo inalimaliza polepole kwa kubadili mwendo wa saa, ili muda usirudi nyuma katikati ya mauzo. Kosa kubwa, la zaidi ya sekunde moja, inalisahihisha kwa mkupuo pale tu inapowaka, katika masahihisho matatu ya kwanza, ukiandika `makestep 1.0 3` kwenye faili yake ya mipangilio.

Mstari ulioniokoa zaidi ni `local stratum 10`. Kwa huo, seva inaendelea kuzijibu kaunta hata intaneti ikiwa haipo. Saa yenyewe inaweza kupotoka kidogo, lakini kaunta zote zinapotoka pamoja, na risiti zinabaki kwenye mpangilio. Usisahau `allow` na anwani za mtandao wako, maana bila hiyo seva haijibu mashine yoyote.

Nyota moja nimeikata kwa sababu Chrony haipo kwa Windows. Kaunta nimezielekeza kwenye seva kwa `w32tm`, amri ya Windows ya kupanga saa, moja baada ya nyingine. Tena haigusi ukanda wa saa: dada wa kaunta aliniita, "Fundi, saa yako imeharibika tena," kumbe mashine yake ilikuwa imewekwa saa za Marekani.

Sasa nataka kipokezi cha GPS cha kuweka dirishani, ambacho Chrony inaweza kukisoma kupitia gpsd (programu inayopokea data za GPS), tuachane na bando kwenye suala hili. Mzee mwenye duka ameuliza bei. Bado hajanirudia.