Uzoefu wangu na InfiniTV 4: chaneli nne za kebo kwa wakati mmoja kwenye kompyuta ya sebuleni

Kwa sisi tunaoishi Marekani na kulipia televisheni ya kebo, king'amuzi ni kitu unachokilipia kila mwezi na kisiwe mali yako hata siku moja. Mwaka 2016 Tume ya Mawasiliano ya nchi hii, FCC, ilieleza kwamba kaya ya wastani ilikuwa ikilipa dola 231 kwa mwaka kwa kukodi ving'amuzi tu, mbali na malipo ya chaneli zenyewe. InfiniTV 4, kadi inayochomekwa ndani ya kompyuta ili ipokee chaneli za kebo badala ya king'amuzi, iliyotengenezwa na kampuni ya Ceton na kuingia sokoni mwaka 2010 kwa dola 399, ilikusudiwa kumwondolea mteja kodi hiyo. Niliinunua baada ya bei kushuka hadi dola 199, nikaichomeka kwenye kompyuta iliyokuwa tayari chini ya televisheni yetu, na nimeitumia muda wa kutosha kuujua utamu wake na mipaka yake. Kadi yenyewe haikunisumbua karibu kamwe; karibu usumbufu wote ulitokana na ukweli kwamba haiwezi kufanya kazi bila ridhaa ya kampuni ya kebo kwa upande mmoja, na bila programu moja tu ya kompyuta, Windows Media Center ya Microsoft, inayoonyesha na kurekodi televisheni, kwa upande mwingine.

Msomaji aliye Dar es Salaam au Nairobi amezoea kwamba anayeuza vifurushi ndiye anayeuza king'amuzi na kadi yake, na king'amuzi cha kampuni hii hakifungui chaneli za kampuni ile. Hapa sheria ilijaribu njia nyingine. Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 1996 iliagiza mteja aweze kununua kifaa cha kupokea matangazo kwa mtu mwingine asiyekuwa kampuni ya kebo, na katika kulitekeleza agizo hilo ikazaliwa CableCARD, kadi ndogo inayobeba ufunguo wa kufungua chaneli za kulipia, ambayo kampuni humpa mteja na mteja huichomeka kwenye kifaa chake mwenyewe. Kuanzia tarehe 1 Julai 2007 kampuni zenyewe zililazimika kutenganisha ufunguo na king'amuzi katika vifaa vipya zilivyokodisha, ili zisipate nafasi ya kulipuuza jambo hilo. Hata hivyo, kwa miaka ya mwanzo tyuna za kompyuta za aina hii, yaani vifaa vya kunasa chaneli, kila kimoja moja kwa wakati, ziliuzwa tu zikiwa ndani ya kompyuta kamili zilizoidhinishwa, na ni mwaka 2009, wakati Windows 7 inatoka, ndipo mtu wa kawaida aliporuhusiwa kuifunga kwenye kompyuta aliyoiunda mwenyewe.

Kuifunga InfiniTV 4 ni kazi nyepesi. Inaingia kwenye nafasi ya PCI Express (tundu la kuchomekea kadi ndani ya kompyuta) iliyo fupi kuliko zote, inapokea waya mmoja tu wa kebo, na ndani yake zimo tyuna nne zinazogawana mawimbi ya waya huo, kwa hiyo hakuna haja ya kutandaza nyaya za ziada sebuleni. Kilichonifurahisha ni namna inavyojitambulisha kwa Windows: kompyuta huiona kama kifaa cha mtandao, na ukiandika 192.168.200.1 kwenye kivinjari chako unafunguliwa ukurasa unaoonyesha hali ya kila tyuna, nguvu ya mawimbi, kiasi cha kelele na hali ya CableCARD. Ukurasa huo umenifaa kuliko kijitabu chochote cha maelekezo. Chaneli ilipokuwa ikikatika-katika, niliona humo kwamba uwiano wa mawimbi na kelele ulikuwa umeshuka, nikaondoa kigawanyio cha zamani cha waya wa kebo kilichokuwa nyuma ya kabati, na picha ikatulia.

Kuiwasha CableCARD, kwa upande wake, kulihitaji subira. Kampuni inapaswa kusajili namba ya CableCARD pamoja na namba ya kifaa kinachoipokea, ili viwili hivyo vitambuane na visiweze kutenganishwa. Mhudumu wa kwanza niliyezungumza naye kwa simu hakuwahi kusikia habari za kadi hiyo na alitaka kuniuzia king'amuzi. Wa pili alisajili namba moja akaiacha nyingine. Dalili yake ni ya kuchanganya, na ninaieleza kwa ajili ya atakayekutana nayo: chaneli nyingi zilionekana vizuri, lakini zile zenye ulinzi wa kunakili zilibaki nyeusi, jambo linalomfanya mtu adhani kifurushi chake hakikulipiwa. Nilipopata fundi aliyeijua kazi hiyo nilimsomea namba zote kutoka kwenye ule ukurasa, akazirekebisha, na kabla hatujakata simu chaneli zote zilikuwa zimefunguka. Ushauri wangu ni kuomba moja kwa moja kitengo kinachoshughulikia CableCARD, bila kuhangaika na huduma ya kawaida kwa wateja.

Kuna kizuizi kingine ambacho maandishi ya kwenye boksi hayakitilii mkazo. InfiniTV 4 husikiliza tu, haisemi. Haiwezi kurudisha ujumbe kwa kampuni. Kwa sababu hiyo hakuna filamu za kuagiza kwa rimoti, na mahali ambapo kampuni hurusha baadhi ya chaneli pale tu mteja anapoziomba, ili kuokoa masafa, utalazimika kuweka kiboksi cha ziada kinachounganishwa kwa USB ambacho kazi yake ni kupeleka ombi hilo. Kampuni yetu ilinipa kiboksi hicho bila malipo, na ndicho kitu pekee katika mfumo mzima ambacho nimewahi kukichomoa umeme na kukichomeka tena ili kirudi kwenye akili yake.

Baada ya hapo, raha ilianza. Niko Ohio, na mechi za Ligi Kuu ya Uingereza zinazochezwa saa tisa alasiri kule hutufikia saa nne asubuhi ya Jumamosi, wakati ambao watu wazima wana shughuli zao. Kuanzia msimu wa 2013 haki za ligi hiyo zilikuwa mikononi mwa NBC, iliyokuwa na chaneli za ziada kwa ajili ya mechi zinazogongana. King'amuzi nilichokuwa nimekodi kilirekodi chaneli mbili tu kwa wakati mmoja. Kadi hii ilirekodi nne, huku mwanangu akiitazama mojawapo ya hizo hizo nne kutoka mwanzo bila kusubiri iishe. Siku ya mwisho ya msimu, ambapo mechi zote kumi huanza pamoja, nilichagua nne zenye uzito na sikujuta. Kompyuta haitoki jasho, kwa sababu haibadilishi chochote: inapokea mkondo wa kidijitali kama ulivyorushwa na kuuandika kwenye diski, hivyo picha iliyorekodiwa haina tofauti na ya moja kwa moja. Gharama ya jambo hilo ni nafasi. Saa moja ya HD kwangu huchukua kati ya GB 5 na GB 8, kwa hiyo mwenye tabia ya kulimbikiza vipindi anunue diski kubwa tangu mwanzo.

Xbox 360, mashine ya michezo iliyokuwa chumbani kwa watoto, iliunganishwa na kompyuta hiyo kwa njia ya mtandao wa nyumbani, ikawa king'amuzi cha pili chenye mwongozo ule ule wa vipindi na rekodi zile zile. Mke wangu, ambaye hapendi kabisa kuona kompyuta sebuleni, aliukubali mfumo huu siku alipogundua kwamba anaweza kusitisha kipindi sebuleni na kukiendeleza chumbani. Mwongozo wa Windows Media Center, niseme wazi, ulikuwa mzuri kuliko wa king'amuzi chochote nilichowahi kulipia.

Lakini uhuru huo una mwenye kuushika. Kila chaneli hubeba alama inayosema kama inaweza kunakiliwa bila kikomo, mara moja tu, au isinakiliwe kabisa, na kampuni ya kebo ndiyo inayoamua alama ya chaneli nyingi. Yetu iliweka ile ya mara moja karibu kila mahali. Rekodi ya namna hiyo hufunguka kwenye kompyuta iliyoirekodi na kwenye Xbox iliyounganishwa nayo, basi. Ukiipeleka kwenye kompyuta mpakato ni faili zito lisilo na faida. Nilipobadilisha ubao mama, yaani ubao mkuu wa kompyuta, sehemu kubwa ya maktaba yetu ilikataa kucheza, ingawa diski ilikuwa ile ile na faili zilikuwepo zote. Kadi inafanya kazi pia kwenye Linux kwa programu ya MythTV, lakini huko utapata tu chaneli zisizo na kizuizi cha kunakili, kwa hiyo kwa mteja wa kampuni kama yangu njia hiyo ni kama haipo. Jambo hili ndilo linaloamua thamani ya kadi kuliko idadi ya tyuna, na jibu lake liko kwa kampuni ya mtaani kwako.

Upande wa programu nao umeporomoka. Windows 10 ilipotoka mwaka 2015 haikuwa na Windows Media Center, na mwanzoni mwa mwaka 2020 Microsoft ikaacha kupeleka data za mwongozo wa vipindi, mwezi ule ule ilipoacha kuihudumia Windows 7. Mimi hujaza mwongozo kwa programu ya EPG123, inayofanya kazi vizuri ukishaipanga. Mwaka huo huo wa 2020 FCC ilifuta kanuni zilizozilazimisha kampuni kuihudumia CableCARD, na kwa kuwa nyingi zinahamishia matangazo yao kwenye intaneti, kadi hii inaweza kubaki bila cha kupokea hata ikiwa nzima.

Kwa anayeiona leo kwenye soko la vitu vilivyotumika na kuvutiwa na bei yake, ningemwomba kwanza aipigie simu kampuni yake ya kebo na kuuliza mambo mawili: kama bado inatoa CableCARD kwa wateja wapya, na chaneli anazozipenda zina alama gani ya kunakili. Majibu yote mawili yakiwa mazuri, na akiwa na kompyuta ya Windows 7, au ya Windows 8 yenye Windows Media Center, anayoweza kuiacha kwa kazi hiyo peke yake, ainunue. Asiyetaka kufungua kompyuta aangalie HDHomeRun Prime, ambayo ina tyuna tatu na hukaa pembeni kwenye mtandao wa nyumbani, ingawa vikwazo vyake ni vile vile. Jibu moja likiwa baya, tyuna ya antena inayopokea chaneli za bure za hewani itamfaa zaidi, kwani hizo kwa kawaida hazina ufunguo wala alama.