SD60E ya Athearn: pua mpya, mwili wa zamani

Norfolk Southern, kampuni ya reli ya Marekani, walipoanza kukarabati SD60 zao, vichwa vya treni vya dizeli, mwaka 2010 katika karakana ya Juniata, mjini Altoona, Pennsylvania, walifika mbali kuliko kubadili rangi. Injini yake, EMD 710, ilipandishwa kutoka nguvu farasi 3,800 hadi 4,000, na chumba cha dereva kikang'olewa, kikawekwa kingine chenye pua pana na usalama zaidi. Matokeo yake ndiyo SD60E. Pua hiyo pana ndiyo inayomtesa mwenye modeli za treni: SD60 yako ya zamani haigeuki SD60E kwa kubandika namba yake ya 6900.

Athearn, watengenezaji wa modeli za treni, wameitengeneza kama ilivyo katika safu yao ya Genesis, kipimo cha 1:87. Ina urefu wa sentimita 25 hivi. Vishikio vya waya ni vyembamba kweli, kwa hiyo shika modeli kwenye tangi la mafuta, usiguse ngazi. Vizuizi vya kushikilia pembeni ni plastiki laini. Ukivikunja mara kwa mara, rangi hubanduka.

Ina magurudumu sita kila upande, kwa hiyo ipe kona ya nusu kipenyo sentimita 56 au zaidi. Kwenye kona kali, mabehewa marefu yakifuatia, kiungio huvuta pembeni na gurudumu hupanda reli.

Yenye sauti ya Tsunami2 (kifaa cha ndani cha sauti na uendeshaji wa kidijitali) ikigoma kutii, irudishe kwenye mipangilio ya kiwandani: andika 8 kwenye CV8, mojawapo ya namba za mipangilio ya kifaa hicho, kata umeme, washa, kisha itafute kwenye anwani 3.

Reli yako ya modeli inaigiza miaka ya 1990? SD60E iache dukani, chukua SD60 ya kawaida.