TV ya kichogo yenye picha iliyobanwa: uzoefu wangu na fundi wa Mwembe Tayari

Kama TV yako ya kichogo imeanza kubana picha juu na chini huku ubavuni iko sawa, usimlipe fundi anayeanza na rimoti. Nimepeleka TV ya mamangu, ya inchi 21, kwa mafundi wawili hapa Mombasa. Haya nayaandika kwa ajili ya huyu wa pili.

Ilivyokuwa ni hivi: ukanda mweusi juu, mwingine chini, na mtangazaji wa habari katikati uso umebonyea kama andazi lililokaliwa. Ikiwashwa ikiwa baridi ndiyo mbaya zaidi. Ikishapata moto inajinyoosha kidogo. Mamangu alikuwa ameshaizoea, anaiwasha mapema kabla ya taarifa ya saa moja ili, kwa maneno yake, "iamke". Kununua bapa hataki, na sauti ya hii kwa kweli inazishinda bapa nyingi za bei rahisi.

Fundi wa kwanza, jirani yetu huku Kisauni, aliingia kwenye menyu ya mafundi, ile iliyofichwa, akapandisha namba ya kimo cha picha. Ikajaa, akachukua chake. Baadaye ikasinyaa tena, na safari hii sehemu ya juu ikawa imejikunja na mistari myeupe inapita juu ya maandishi. Tulipomwita akasema tyubu, yaani kile kioo kikubwa cha picha, imekufa, bora tumuuzie yeye kwa spea. Hapo ndipo nilipopakia TV kwenye tuktuk tukavuka daraja la Nyali.

Huyu wa Mwembe Tayari ana kibanda kidogo kilichojaa redio na feni zilizofunguliwa. Swali lake la kwanza halikuhusu TV.

"Dikoda umekuja nayo?"

"La, fundi."

"Basi tuitoe lawamani kwanza."

Akabonyeza sauti, akatazama mstari wa kijani wa sauti unaochorwa na TV yenyewe. Nao ulikuwa umebanwa. Akanieleza kwamba tangu analojia izimwe Kenya mwaka 2015, watu wengi humletea TV nzima kumbe dikoda ndiyo inatoa picha pana ya 16 kwa 9. Kwenye kioo cha 4 kwa 3 picha hiyo hujaza robo tatu tu ya kimo, na dawa yake ni kubadilisha mpangilio ndani ya dikoda, bila bisibisi. Lakini herufi za TV yenyewe zikibanwa, ugonjwa uko ndani. Na kwa kuwa upana haukupungua, hakuwa na haja ya kuanzia kwenye pawa, sehemu inayoilisha TV umeme. Alikwenda moja kwa moja kwenye saketi ya wima, ile inayotandaza picha kutoka juu hadi chini. Kuhusu tyubu kufa alicheka. Tyubu iliyochoka hupausha picha na kuitia giza, haipunguzi kimo.

Alichomoa waya ukutani, akafungua mgongo, akatoa umeme uliobaki kwenye tyubu kabla ya kuingiza mkono. Msicheze na hapo. TV ya rangi hupeleka zaidi ya volti 20,000 kwenye tyubu, na kapasita kubwa ya pawa, kile kikopo kinachohifadhi umeme, hubaki na volti 300 na zaidi hata ukishachomoa. Mimi mwenyewe nilisogea nyuma.

Ndani, IC (chipu) ya wima imefungwa kwenye bati la alumini la kupozea, na pembeni yake, karibu kabisa na ule moto, waliweka kapasita ndogo ya mikrofaradi 100. Sijui nani alipanga hivyo! Kapasita za namna hii zina majimaji ndani, na moto wa miaka huyakausha. Fundi alinifafanulia vizuri: mwale unaochora picha hushuka kutoka juu hadi chini mara 50 kwa sekunde, na kila ikifika chini lazima irudishwe juu haraka, kazi inayotaka volti zaidi ya zile za kawaida. Kapasita hiyo ndiyo husaidia kuzipandisha. Ikikauka, juu panajikunja. Alikuta pia miguu ya IC imezungukwa na nyufa nyembamba kwenye risasi ya kuunganishia, na moja ilikuwa na ukijani wa kutu. Hewa yetu ya chumvi haisamehe.

Alibadilisha kapasita zote za sehemu ile, akaweka zinazostahimili joto la nyuzi 105 mahali pa za 85, akachoma upya kwa risasi miguu yote. IC aliiacha kwa kuwa ilikuwa nzima, na hilo lilinifurahisha, maana wengi hubadilisha IC kwanza ili bili inenepe.

TV ilipowashwa picha ikapitiliza kioo! Ile namba iliyopandishwa Kisauni bado ilikuwa pale juu. Akaziandika namba zote kwenye karatasi kabla ya kugusa chochote, akaweka DVD yenye mchoro wa duara, akashusha kimo mpaka duara likawa duara kweli. Karatasi akaibandika ndani ya mfuniko.

Nililipa shilingi 1,200, kazi na vipuri pamoja. Nampa nyota nne. Ya tano ameipoteza kwa sababu alisema njoo jioni, nikaja jioni, akasema njoo kesho. Risiti hana, na skrubu moja ya mgongo haikurudi. Tangu hapo picha imetulia, baridi kwa moto.

Ukiona picha imebaki mstari mmoja mweupe katikati, zima papo hapo, maana mwanga ukikusanyika sehemu moja unaunguza kioo na alama haitoki. Ukienda kwake Ijumaa, nenda baada ya sala. Beba rimoti yenyewe ya TV, si ya kununua barabarani, maana TV nyingi menyu ya mafundi haiingiliki bila ya asili. Dikoda unaweza kuiacha nyumbani.